Mbona dawa hii ni ya bure na ile hulipiwa?

Mama mmoja mkulima wa mahindi, kutoka nje kidogo ya mji wa Eldoret, aliweka mikebe miwili ya tembe mezani pangu. Wa kwanza ulikuwa wa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ambazo hupewa bila malipo. Wa pili ulikuwa wa dawa za presha, nao ulikuwa mtupu kwa wiki tatu. "Daktari," akaniuliza, "huyu anayenilipia ugonjwa mmoja, mbona hakuuona wa pili?"

Siku hiyo sikuwa na jibu la kutosha. Kwa kuwa wagonjwa wengi huuliza hivyo hivyo, leo nitaeleza jinsi wafadhili, hasa mashirika ya wakfu, wanavyochagua tatizo la kusaidia.

Wakfu ni mali iliyotengwa na tajiri, kampuni au wachangaji wengi ili itumike kwa manufaa ya watu wengine. Mali hiyo, hata iwe nyingi namna gani, ina mwisho wake. Kwa hiyo wakurugenzi hufanya kazi kama ya muuguzi anayepokea majeruhi wa ajali ya basi: huamua ni nani wa kwanza. Tofauti ni kwamba muuguzi hana ruhusa ya kumfukuza yeyote, lakini wakfu unaweza kusema la.

MASWALI MANNE

Swali la kwanza ni hili: tatizo ni kubwa kiasi gani, na je, tiba ipo? Mwaka wa 1997 Bill Gates na Melinda, aliyekuwa mkewe, walisoma gazetini kuhusu watoto wa nchi maskini wanaouawa na kuhara. Walishangaa kwamba ugonjwa unaozuilika unaua watoto wengi hivyo. Wakfu wao, ulioanzishwa mwaka wa 2000, ukaifanya chanjo kuwa mojawapo ya kazi zake kubwa. Chanjo ya virusi vya rota, vinavyosababisha kuhara kukali, ilianza kutolewa kwa watoto wote nchini Kenya mwaka wa 2014.

Swali la pili: ni nani mwingine anayeshughulikia jambo hili? Chukua mfano wa nasuri ya uzazi. Mama akishikwa na uchungu kwa muda mrefu bila msaada, hupata tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo humvuja mchana na usiku. Wengi hutengwa hata na jamaa zao. Shirika la Fistula Foundation la Marekani lilianza mwaka wa 2000 kwa kusaidia hospitali moja mjini Addis Ababa. Mwaka wa 2009 lilipanua kazi yake hadi nchi nyingine, na mwaka wa 2014 likaanzisha mpango maalumu humu nchini. Hospitali ya Gynocare hapa Eldoret ni miongoni mwa zilizofanya kazi nalo. Lilichagua ugonjwa ambao wafadhili wachache waliutazama, ingawa upasuaji huwaponya wanawake wengi.

Swali la tatu: je, matokeo yanahesabika? Wanawake waliopasuliwa huhesabika, na watoto waliochanjwa vilevile. Mwenye kutoa fedha hupenda kuona hesabu mwishoni mwa mwaka.

Swali la nne ndilo gumu: tukiondoka, nani ataendeleza? Zamani juhudi nyingi zilikuwa za kumkinga mtoto asiambukizwe Ukimwi na mamaye. Kisha watu wakauliza, mtoto akipona na mama akifa, atalelewa na nani? Ndipo mashirika kadhaa ya wakfu, yakiwemo Rockefeller na Gates, yakagharimia mpango wa MTCT-Plus ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Columbia, ili mama na jamaa zake watibiwe pia. Eldoret ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizonufaika, kupitia AMPATH, mpango ulioanzishwa mwaka wa 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Baadaye serikali ya Marekani iliongeza fedha nyingi kupitia PEPFAR, iliyotangazwa mwaka wa 2003.

PRESHA HUANGUKA WAPI?

Sasa tuuweke mkebe wa pili kwenye mizani hiyo. Presha ni tatizo kubwa na dawa zipo. Lakini haiponi, hudhibitiwa tu. Kiharusi kilichozuiwa hakionekani, kwa hiyo ni vigumu kukihesabu. Tena dawa humezwa maisha yote, na mfadhili haoni siku ya kumaliza. Si kwamba imesahauliwa kabisa. AMPATH yenyewe ilipanua huduma hadi kisukari na presha, na katika hospitali ya rufaa kuna kituo cha saratani na magonjwa sugu chenye jina la Chandaria. Hata hivyo, mkebe wa mama yule ulikuwa mtupu.

Hata ugonjwa uliochaguliwa hauna hakika ya kesho. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wagonjwa wa Ukimwi waliingiwa na hofu kubwa.

Wakfu haudaiwi nawe chochote. Serikali inadaiwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma bora ya afya, na tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Kaunti inapoita wananchi kujadili bajeti, nenda ukaulize dawa za presha zimetengewa pesa ngapi.

Na kikundi chenu kikienda kuomba msaada kwa wakfu, msibebe kilio pekee. Andikeni wagonjwa ni wangapi, tiba ni ipi, kila mmoja atagharimu kiasi gani, na nani ataendeleza fedha zikiisha.

Mama yule tulimbadilishia dawa, akapata ya bei nafuu zaidi. Nawe usiache tembe zako kimyakimya kwa kukosa pesa. Mwambie daktari wako, kwani mara nyingi ipo nyingine unayoweza kuimudu.