Sahani yako na sumu isiyoonekana

JE, msomaji, unajua kwamba vumbi linaloingia dirishani mwako, rangi inayobambuka ukutani na sukuma wiki iliyomwagiliwa maji ya mtaro huenda vyote vikabeba sumu moja? Sumu hiyo ni risasi. Haina harufu, na mtoto anaweza kuimeza kwa miezi mingi bila wewe kuona dalili yoyote.

Usidhani ni jambo la ng'ambo. Mnamo 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti juu ya jaa la taka la Dandora, Nairobi. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao wakapatikana na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi madhara makubwa kabla ya kufungwa 2014. Mwaka wa 2020, mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya vuta nikuvute ya rufaa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chochote cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye aliye hatarini zaidi, kwani mwili wake hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya mtu mzima.

Yanayotokea ndani ya seli

Mwili umejengwa kwa seli. Ndani ya seli mna DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoiongoza seli jinsi ya kufanya kazi na kuzaana. Seli inapotumia chakula na hewa kupata nguvu, hutoa chembe kali zinazoharibu chochote zinachogusa, kama vile kutu inavyokula bati. Hilo ni jambo la kawaida na mwili una njia za kujikinga.

Shida huanza madini ya sumu kama risasi, kadimiamu na aseniki yanapoingia. Kwanza, huzidisha chembe hizo kali. Pili, hupunguza nguvu ya glutathioni, ambayo ni mlinzi mkuu wa seli. Tatu, huvuruga kazi ya kurekebisha DNA iliyokatika. Ni sawa na mwizi anayevunja mlango kisha akamfunga fundi mikono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa DNA usiozibwa waweza kuzaa saratani. Kadimiamu, ambayo wavutaji sigara huivuta pamoja na moshi, na aseniki zote zinatambuliwa rasmi kuwa visababishi vya saratani.

Chakula chasaidiaje?

Vyakula vingi vina vizuia kutu vya mwili. Vitamini C na E hutuliza chembe kali kabla hazijafikia DNA. Mwili pia hutumia madini ya seleni na zinki kutengeneza walinzi wake wenyewe.

Habari njema ni kwamba vitu hivi havihitaji mshahara mnono. Pera moja la sokoni lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Vitamini E imo katika njugu karanga na mafuta ya alizeti. Managu, terere, kunde na malenge vina rangi asilia zinazofanya kazi hiyo hiyo. Zinki utaipata katika maharagwe, nyama na mayai.

Kuna siri nyingine. Mwili usio na madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi zaidi, kana kwamba umemkosa mgeni uliyemngoja ukamfungulia yeyote anayebisha. Kwa hiyo omena, maziwa, maharagwe na mboga za kienyeji ni ngao. Kula tunda pamoja na mboga, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai ingoje kidogo baada ya mlo, maana huzuia chuma. Mboga nazo usizichemshe hadi zikafifia, kwa sababu vitamini C huharibiwa na moto mwingi.

Usikimbilie vidonge

Huenda ukajiuliza, kwa nini nisinunue vidonge dukani? Ngoja kwanza. Nchini Finland, wanaume zaidi ya 29,000 waliokuwa wakivuta sigara walishiriki utafiti ambao matokeo yake yalitolewa 1994. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, rangi ile ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Karoti sahanini na kidonge chenye dozi kubwa si kitu kimoja.

Tena chakula hakiondoi risasi iliyokwisha kuingia mifupani. Hupunguza makali tu. Dawa ya kwanza ni kuifunga njia inakopitia:

• Osha mikono ya watoto kabla ya kula, na upanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji.

• Usiruhusu betri kuukuu kuvunjwa karibu na nyumba.

• Osha mboga vizuri, na uulize zilikokuzwa. Sumu iliyofyonzwa na mmea haitoki kwa kuoshwa.

• Mama mjamzito aepuke kula odowa na udongo, kwani huweza kuwa na risasi.

• Anayefanya kazi ya betri au vyuma chakavu abadilishe nguo kabla ya kuwabeba watoto.

Ukishuku kwamba mtoto wako ameathiriwa, mwombe daktari apime damu yake. Mwongozo wa WHO wa 2021 unasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto wa miaka 10 au chini aliyefikia kiwango hicho na anayekosa chuma au kalsiamu aongezewe, na hilo ni jukumu la daktari.

Leo jioni, basi, kabla ya kuwapakulia watoto chipsi tena, pitia sokoni. Fungu la managu na mapera mawili huenda yakawa ulinzi wa bei nafuu kuliko wote utakaowanunulia.