Mforosadi: mti wa kupanda karibu na jikoni

Safari hii tunazungumza juu ya mti ambao wengi hapa Kitengela tunauita malberi. Kiswahili chake ni mforosadi. Watoto wanaupenda kwa matunda yake meusi matamu, na akina mama wanaujua kwa madoa yasiyotoka kwenye sare za shule. Lakini faida kubwa iko kwenye majani.

Ukame wa 2020 hadi 2022 haujasahaulika Kajiado. Mvua ilikosa msimu baada ya msimu, ng'ombe wakafa, na mwenye pesa alinunua manyasi makavu kwa bei ya juu. Tena siku hizi wengi tunaishi kwenye ploti, hakuna mahali pa kuhamia na mifugo. Tusidanganyane: miforosadi ishirini hailishi kundi la ng'ombe. Itasaidia mbuzi wawili watatu wa maziwa, wakipewa majani pamoja na manyasi. Majani hayo yakikauka yana protini kama asilimia 15 hadi 25, na manyasi ya kiangazi yana kidogo sana.

Mbegu haihitajiki. Omba jirani tawi lililokomaa, nene kama penseli au kuzidi kidogo. Likate vipande vya sentimita 20 hadi 25, kila kimoja kiwe na macho matatu au manne. Mvua ikianza, Machi au mwisho wa Oktoba, vichomeke ardhini vikipishana mita moja, jicho moja libaki nje. Angalia macho yaelekee juu. Usicheke, wako waliopanda kichwa chini wakalaumu udongo.

Huo udongo wetu mweusi nao si mchezo. Ukilowa unashika maji mpaka mizizi ioze, ukikauka unapasuka na kuikata. Kwa hivyo inua tuta, changanya na mbolea ya boma iliyooza vizuri, halafu funika chini ya mche kwa manyasi makavu. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kunyweshea miche michache. Maji ya sabuni nyingi yaache, na ya kisima yenye chumvi usiyategemee peke yake.

Zungushia miiba siku hiyo hiyo unayopanda, sio kesho. Mbuzi mmoja anamaliza miche yote asubuhi moja.

Mwaka wa kwanza usikate, acha mizizi ishuke. Baadaye kata matawi kwa urefu wa kiuno wakati wa mvua, na baada ya miezi miwili hivi utakata tena. Majani yakizidi, yaanike kivulini uyaweke kwa gunia, maana kiangazi mti hutoa kidogo. Acha mmoja au miwili bila kukata kwa ajili ya matunda ya watoto. Waambie wangoje yawe meusi, mabichi yanaumiza tumbo.

Ukipewa matawi, yafunge kwa gunia lililolowa na uyapande upesi. Yakilala juani siku mbili hayo ni kuni.