Je, wajua? C hupitisha nakala tu

Kuna swali lililozeeka kwenye mitihani: taja njia mbili ambazo lugha ya programu ya C hutumia kupitisha thamani kwenye funksheni. Jibu linalopewa alama zote ni kuita kwa thamani na kuita kwa rejeo. Si kweli. C ina njia moja, nayo ni kunakili.

Ukiandika badilishana(x, y) ili x na y zibadilishane thamani, funksheni haipewi x wala y. Hupewa fotokopi, ichorechore utakavyo, cheti halisi kimebaki kabatini. Ndiyo maana x iliyokuwa 5 hubaki 5. Anayetaka mabadiliko yashike huandika badilishana(&x, &y), maana & hutoa anwani ya x kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo watu husema “rejeo”. Lakini anwani yenyewe imenakiliwa vilevile: ukiibadilisha ndani ya funksheni, huko nje hakuna kitakachosogea. Unachoweza kubadilisha ni kile kilichowekwa kwenye anwani hiyo.

Ninachokipenda mimi, na kinachowaliza wengi, ni safu. Chukua int alama[40], alama za darasa la wanafunzi 40. Kwenye kompyuta nyingi za leo int ni baiti 4, kwa hiyo safu nzima ni baiti 160, na sizeof, inayotoa ukubwa kwa baiti, itakuambia hivyo. Ipeleke kwenye funksheni wastani(int alama[]), kisha uliza sizeof ukiwa ndani: 8. Safu haikuingia. Kilichoingia ni anwani ya alama ya kwanza, na kwenye mashine ya biti 64 anwani huchukua baiti 8. Aliyezoea kutafuta idadi kwa kugawanya sizeof ya safu kwa sizeof ya alama moja atapata 2. Programu haitagoma, itatoa wastani wa wanafunzi wawili wa mwanzo, na darasa zima litahukumiwa kwa hao. Hata ukiandika int alama[40] kwenye mabano ya funksheni, hiyo 40 ni pambo.

Mwenye kisa hiki ni Dennis Ritchie, aliyeiunda C huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutokana na lugha ya B ya Ken Thompson. Katika B, jina la safu lilikuwa na nafasi yake kwenye kumbukumbu, na humo ilihifadhiwa anwani ya mahali safu ilipo. Ritchie alitaka kuongeza struct, yaani fungu la data za aina mbalimbali. Mfano wake ulikuwa ingizo la saraka ya mfumo wa Unix: namba moja na jina la herufi 14, vikae pamoja kama vinavyokaa kwenye diski. Ile anwani ya B ingewekwa wapi humo? Akaiondoa, akaamua itengenezwe pale tu jina la safu linapotajwa. Programu nyingi za B ziliendelea kufanya kazi, nasi tukarithi safu isiyojua urefu wake ikishaingia kwenye funksheni.

Kichekesho ni kwamba safu hiyohiyo ukiifunga ndani ya struct, baiti zote 160 hunakiliwa. Toleo la kwanza la kitabu cha Kernighan na Ritchie kuhusu C, la 1978, lilisema struct haipitishwi kabisa, likaahidi kwamba kizuizi hicho kitaondolewa. Kikaondolewa, na sasa wapo wanaonakili struct za maelfu ya baiti kwenye kila mzunguko wa luupu. Ubadhirifu mtupu, pointa, yaani anwani tu, yenye const ya kuzuia mabadiliko ingetosha.

Haya yote yangeonekana kwa dakika chache mbele ya kompyuta. Lakini si ajabu kukuta maabara ambamo mashine zimefunikwa vitambaa na C inanakiliwa kutoka ubaoni. Daftari halina kompaila. Kompaila ya GCC huonya bila kuombwa pale sizeof inapotumiwa kwa safu iliyopokewa na funksheni, ila hata wenye kompyuta huliruka onyo hilo, almradi programu imekubali.

Mifano mingine ya anwani kupitishwa: scanf, inayosoma data, hutaka & ili ipate pa kuandika, na qsort, inayopanga safu, hupokea hata anwani ya funksheni nyingine.

Ukipitisha safu, pitisha na idadi yake: wastani(alama, 40). Hata qsort huidai idadi hiyo, pamoja na ukubwa wa kila kipengele.