Asilimia 90 ya Nini? Kuzisoma Takwimu za Nishati Ukiwa Kisauni

Kila ripoti ya umeme inapotoka, Kenya husifiwa kwa jambo moja: takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na vyanzo jadidifu. Sifa hiyo ni ya haki. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, hutoa takriban asilimia 40 ya umeme huo. Hufuatia maji ya mabwawa, kisha upepo wa Loiyangalani, halafu jua kwa kiasi kidogo. Mataifa mengi tajiri hayajafika hapo. Hata hivyo, mkazi wa Kisauni, Mombasa, anayetaka kuielewa nambari hii hana budi kuuliza kwanza: asilimia 90 ya nini?

Ni ya umeme, si ya nishati yote. Umeme ni sehemu ndogo tu ya nishati inayotumika Kenya. Kuni na makaa ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa, yakifuatiwa na mafuta. Pita Mtopanga au Mwandoni alfajiri uone. Dukani balbu inawaka na friji inanguruma, tokeni zimeshaingizwa kwenye mita. Hapo nje, karai ya mahamri iko juu ya seredani, na makaa yamenunuliwa kwa mkebe. Mwenye karai anamulikwa na umeme wa Olkaria, lakini moto wake umetoka kwenye miti iliyokatwa Kwale, Kilifi au Tana River.

Sensa ya 2019 ililionyesha hilo nchi nzima. Nusu ya kaya zilitumia umeme wa gridi kwa mwanga, lakini zilizoutegemea kwa kupikia hazikufika hata asilimia 1. Asilimia 55 zilipikia kuni, 24 gesi, na karibu 12 makaa.

Hapa kuna fundo jingine. Katika hesabu za kimataifa, kuni na makaa pia huwekwa kwenye fungu la nishati jadidifu, kwa hoja kwamba mti hukatwa na kuota tena. Kwa hiyo familia ya Kisauni ikiacha makaa na kununua mtungi wa gesi, moshi unapungua nyumbani na mapafu ya watoto yanapata nafuu, lakini mgao wa taifa wa nishati jadidifu unashuka, kwani gesi hiyo ni zao la mafuta na hushushwa hapa hapa Mombasa kutoka ng'ambo. Maisha yanakuwa bora huku nambari ikionekana kuharibika. Asiyejua hesabu imejengwaje atasoma maendeleo kama hasara.

Swali la pili ni kama takwimu inataja uwezo wa mtambo au umeme uliotoka kweli. Kituo cha jua cha Garissa kina uwezo wa megawati 50. Kingefanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana, kingetoa gigawati-saa 438 kwa mwaka. Makadirio yake yalikuwa takriban 76, maana jua huchwa na mawingu hutanda. Megawati za Garissa na megawati za Olkaria, ambako mvuke hautegemei saa, haziwezi kujumlishwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Swali la tatu ni saa. Wastani wa mwaka huficha jioni. Magharibi ikiingia, paneli zimeshalala, na ndipo feni, taa na televisheni za Kisauni, yenye watu 291,930 kwa sensa ile, zinawashwa kwa pamoja. Ni saa hizo ambapo mitambo ya mafuta mazito kama ya Kipevu na Rabai hutegemewa zaidi. Ile asilimia 10 iliyobaki ina saa zake na mahali pake, na baadhi ya mahali hapo ni jirani yetu.

Umeme hupimwa mitamboni kila saa, lakini moto wa jikoni hujulikana kwa sensa na tafiti za kaya tu. Ndiyo maana mafanikio ya gridi yanasikika kila mara na adha ya moshi haisikiki. Haki ni kwamba kila ripoti ya umeme iambatane na ukurasa wa mapishi, kwa kila kaunti ndogo: kaya ngapi zinapikia nini, na kwa bei gani. Kisauni ikiwa na nambari hizo, itaweza kudai kwa hoja gesi nafuu au jiko la umeme linalolipika, badala ya kungoja kupongezwa kwa asilimia isiyofika kwenye seredani.