Kichwa cha Mbwa, Mikono ya Mtu

Nyani wa Kwale ni nyani wa manjano. Anayetoka Waa akakunja Kombani na kupanda kuelekea Kwale mjini humkuta pembeni mwa barabara na kundi lake, na ndani ya hifadhi ya Shimba Hills yumo kwa wingi. Diani huishi jirani na mbega, kima na tumbili. Mwaka 1766 Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeweka utaratibu wa kuvipa viumbe majina ya Kilatini, alimwandika kwa jina la cynocephalus, yaani mwenye kichwa cha mbwa, na leo jina lake kamili ni Papio cynocephalus. Neno lenyewe Linnaeus alilikuta likiwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kwa sehemu kubwa ya umri huo lilikuwa pia jina la taifa zima la watu walioaminika kuishi ukingoni mwa dunia, wenye viwiliwili vya binadamu na vichwa vya mbwa, na wanazuoni wa Kikristo walibishana kwa dhati kama watu hao wana roho ya kuokolewa.

Miongoni mwa habari zao za kale zaidi katika maandishi ya Wayunani ni za karne ya 5 kabla ya Kristo. Mwanahistoria Herodotus aliwaweka magharibi mwa Libya, pamoja na watu wasio na vichwa ambao macho yao yako kifuani, na akaeleza kwamba hayo ni maneno ya Walibya wenyewe. Aliyewapa sura kamili ni Ctesias, tabibu wa Kiyunani aliyehudumu katika kasri la mfalme wa Uajemi. Karibu mwaka 400 kabla ya Kristo aliandika kitabu kuhusu India, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Katika milima ya huko, alisema, wanaishi watu 120,000 wenye vichwa vya mbwa. Wanayaelewa maneno ya Wahindi lakini hawawezi kuyatamka, hivyo hujibu kwa kubweka na kwa ishara za mikono. Huvaa ngozi, huwinda, hukausha nyama juani, hufuga, tena ni waadilifu na huishi miaka 170 au zaidi. Maelezo haya yana uzito wake: Ctesias hakueleza jitu la kutisha watoto. Alieleza jamii yenye riziki, mavazi na uadilifu, ambayo kasoro yake ni moja tu, kwamba haina usemi.

Aristotle, aliyeandika miongo michache baadaye, alilitumia jina lile lile kwa mnyama. Kwake kynokephalos ni jamii ya kima, ila mkubwa zaidi, mwenye nguvu zaidi, uso wake ukifanana na wa mbwa na meno yake yakiwa makali. Kuanzia hapo maana mbili zilikwenda bega kwa bega: mnyama aliyeonekana kwa macho, na taifa lililosikika kwa masikio.

Anayemtazama nyani kwa karibu haoni ajabu kwamba Wayunani walimkumbuka mbwa. Uso wake umechomoza mbele na matundu ya pua yako nchani kabisa. Hata hivyo urefu huo una sababu yake, na si sababu ya mbwa. Ndani ya pua ya mbwa mna mifupa myembamba iliyojikunja, imefunikwa na utando wa kunusia, na uhai wa mbwa kwa kiasi kikubwa umo humo. Nyani anategemea zaidi macho, ambayo yote mawili hutazama mbele na huona rangi kama ya binadamu. Taya lake ni refu kwa sababu linabeba meno: safu ya magego ya kusagia mizizi, mbegu na matunda magumu, na kwa dume, chonge ndefu kama visu ambazo huzionyesha anapopiga miayo mbele ya mshindani. Tena uso huu hukua na mwili. Mtoto wa nyani huzaliwa na uso mfupi wa waridi, na nywele nyeusi. Taya hurefuka kadiri anavyokua, na refu kuliko yote ni la dume mzima, ambaye uzito wake hukaribia mara mbili ya jike.

Chini ya kichwa hicho mambo hubadilika. Mikono ina vidole vitano, kucha bapa, na dole gumba linaloweza kukabiliana na vidole vingine, kiasi kwamba nyani hung'oa muhogo, humenya embe na humchambua mwenzake nywele kwa utulivu wa msusi. Hukaa kitako kama mtu aliyepumzika. Dume akiona chui, au akipambana na dume mwenzake, hutoa mlio mkubwa wa silabi mbili, "wa-hu", unaosikika mbali msituni, na mlio huo hauna jina jingine linaloufaa ila kubweka. Huishi kundi zima pamoja, pengine makumi kadhaa, likiwa na ngazi za ukubwa na koo za majike zinazorithishana hadhi, mambo ambayo watafiti wa Amboseli wamekuwa wakiyafuatilia tangu mwaka 1971 katika nyani wa spishi hii hii. Kwa mkulima wa Kwale anayekaa kwenye dungu kuamia mahindi, hakuna fumbo katika haya. Fumbo huanza pale maelezo kama hayo yanapopita vinywa vitatu au vinne na kuwafikia watu ambao hawajawahi kumwona mnyama mwenyewe.

Njia moja iliyopitiwa na habari za nyani inafahamika vizuri, nayo inapita Misri. Nyani hawakuwa na makazi ya asili huko, lakini Wamisri walimwonyesha Thoth, mungu wa maandishi na mwezi, kwa umbo la nyani, na walikausha na kuhifadhi maiti za nyani makaburini. Kwenye kuta za hekalu la malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, nyani wamechorwa juu ya marikebu zinazorudi kutoka nchi ya Punt, karibu miaka 3,500 iliyopita. Punt iko wapi ni swali lililowasumbua wanahistoria kwa muda mrefu, na nyani wenyewe ndio waliosaidia kulijibu. Mwaka 2020 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Nathaniel Dominy kilipima madini ya strontiamu katika mabaki ya nyani waliokaushwa Misri. Madini haya hutoka kwenye miamba, huingia udongoni, kisha kwenye mimea, na kutoka hapo mwilini mwa anayeila. Kila eneo lina uwiano wake wa aina za strontiamu. Gamba gumu la jino hujengwa utotoni na halibadiliki tena, ilhali mfupa na nywele hujijenga upya maisha yote. Jino, kwa hiyo, husema mnyama alizaliwa wapi, na mfupa husema alikuja kuishi wapi. Matokeo yalielekeza kwenye Eritrea, Ethiopia na sehemu za Somalia. Mwaka 2023 vinasaba vya nyani mwingine aliyekaushwa vilimfungamanisha na nyani wa pwani ya Eritrea, kule ilikokuwa bandari ya kale ya Adulis. Nyani wa huko ni wa spishi nyingine, yule mwenye manyoya ya fedha mabegani, lakini ni ndugu wa karibu wa nyani wa Kwale.

Pwani ya kusini zaidi nayo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha karne ya 1 baada ya Kristo, kinaishuka pwani hii hadi soko la Rhapta. Kinataja pembe za ndovu, magamba ya kasa na watu warefu wa miili, wala hakina mtu mwenye kichwa cha mbwa. Mwanajiografia Ptolemy, aliyeandika karne iliyofuata, aliwaweka wala watu kusini ya Rhapta, yaani pale bandari zilipokwisha. Mtindo huo haukukoma. Ramani ndogo ya Kiingereza ya karibu mwaka 1265, iliyochorwa ndani ya kitabu cha Zaburi, imepanga mataifa ya ajabu kwenye ukingo wa kusini wa Afrika. Miaka sitini na kitu baadaye, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa na kukuta ndizi, ndimu, misikiti ya mbao na watu aliowasifu kwa uchaji. Lakini Ibn Battuta huyo huyo, alipoeleza safari yake upande wa pili wa Ghuba ya Bengali, aliandika kuhusu watu ambao vinywa vyao vilikuwa kama vya mbwa, na Marco Polo alikuwa amesimulia jambo kama hilo kuhusu visiwa vya Andaman. Nyani hawapo huko.

Wakristo walilirithi taifa hili kutoka vitabu vya Wayunani na Warumi, na kwao likawa suala la imani. Ikiwa binadamu wote ni wana wa Adamu, hawa nao ni wana wa nani? Augustine, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alilijadili mwanzoni mwa karne ya 5. Yeyote aliye na akili na atakayekufa, alisema, ni wa uzao wa Adamu hata umbo lake likitushangaza vipi; lakini wenye vichwa vya mbwa hubweka, na kubweka kwao kunawaonyesha kuwa wanyama. Karne ya 9 mtawa Ratramnus wa Corbie, Ufaransa, aliulizwa swali hilo na Rimbert, mmisionari wa nchi za kaskazini aliyetaka kujua kama akikutana nao awahubirie. Ratramnus alipima ushahidi upya. Wanakaa vijijini, wanalima, wanafuga na wanaficha tupu zao, jambo ambalo haliwi bila haya, na haya haiwi bila akili. Akahukumu kwamba ni watu. Ni hoja nzuri kuliko ya Augustine, kwa sababu inautazama mwenendo kabla ya sauti.

Makanisa ya mashariki na Afrika yalikwenda mbali zaidi. Katika Matendo ya Mitume ya Kigeezi, yanayosomwa Ethiopia, mitume Andrea na Bartolomayo wanaongozana na mtu mla watu mwenye uso wa mbwa, ambaye Mungu anambadilisha moyo, naye anapewa jina jipya. Wakopti wa Misri husimulia kwamba watu wawili wa aina hiyo walimla babu wa Mtakatifu Mercurius, kisha wakatulizwa na malaika na kuitumikia familia ile ile. Makumbusho ya Kikopti ya Cairo yana picha takatifu ya karne ya 18 inayowaonyesha wawili hao, Ahrakas na Augani, wamesimama kwa heshima ya watakatifu.

Kwa Mwislamu wa Kwale picha hiyo ni nzito, maana katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi na mbwa hafugwi ndani ya nyumba. Hata hivyo Kurani inamtaja mbwa aliyelala kizingitini pa pango pamoja na vijana waumini, kisa ambacho Wakristo nao wanacho, ila bila mbwa.

Mashuhuri kuliko watakatifu wote wenye kichwa cha mbwa ni Christopher, mtakatifu wa wasafiri. Magharibi anachorwa kama jitu linalomvusha mtoto Yesu mtoni. Mashariki alichorwa askari mwenye kichwa cha mbwa, kama katika picha ya mwaka 1685 iliyopo makumbusho ya Athens. Hadithi zake za awali zinasema alitoka katika taifa la wala watu wenye vichwa vya mbwa, akaomba apewe usemi wa kibinadamu, akapewa, na kwa usemi huo akahubiri hadi kuuawa. Baadhi ya wanazuoni huona kwamba Kilatini kilichangia kumpa kichwa hicho, kwa kuwa neno la "Mkanaani" na neno la "wa mbwa" yanakaribiana sana katika maandishi. Lakini hilo halielezi picha za Wayunani, na nyani naye haelezi Andaman. Chanzo kingine kinachowezekana cha taifa hilo ni matusi: mataifa mengi huwaita adui zao mbwa, na tusi likivuka mpaka wa lugha huweza kuchukuliwa kuwa ni maelezo ya umbo. Na iko tabia ya akili yenyewe. Mwanaanthropolojia Pascal Boyer ameonyesha kwamba kumbukumbu hushika vizuri zaidi kiumbe aliyevunja kanuni moja au mbili na kubaki wa kawaida katika mengine yote, na mtu anayelima, kuvaa na kubweka yumo humo kabisa. Tabia hiyo ya kuchanganya mtu na mnyama ni ya kale sana: sanamu ya pembe ya ndovu ya mtu mwenye kichwa cha simba, iliyopatikana katika pango la Hohlenstein-Stadel nchini Ujerumani, ina umri wa takriban miaka 40,000.

Mwaka 1722 Kanisa la Urusi lilipiga marufuku kumchora Christopher kwa kichwa cha mbwa, likiona ni kinyume cha maumbile. Picha nyingi zilipakwa rangi upya na kupewa uso wa kijana. Waumini wa Kirusi walioshika mapokeo ya zamani, waliokuwa wamekwisha kujitenga na kanisa hilo, waliendelea kumchora kama walivyorithi.