Kuuaga Mji Kabla ya Kupanda Ndege

Mtu akifiwa tunajua la kufanya. Turubai hufungwa, majirani huja na pole zao, matanga hukaliwa, arobaini husomwa. Lakini anayerudi Dar es Salaam baada ya miaka mingi London hupokewa kwa vigelegele uwanjani. Wiki chache baadaye, akijifungia chumbani bila hamu ya kula, ndugu hushangaa: si umerudi kwenu? Naye huona haya kusema kwamba anaulilia mji wa watu.

Wanaokuja kwangu na hali hiyo nawaambia kwamba huzuni yao ni ya kweli, na imechunguzwa. Mwaka 1963 mwanasaikolojia Marc Fried alichapisha utafiti kuhusu wakazi wa West End, mtaa wa Boston, Marekani, uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950. Asilimia 46 ya wanawake waliohojiwa na asilimia 38 ya wanaume walionyesha dalili za majonzi mazito, kama ya kufiwa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba wengi wao walihamia mitaa mingine tu, na huo waliouacha wakuu wa jiji waliuhesabu kuwa wa mabanda. Basi tusimwambie aliyerudi kwamba analilia anasa. Wangapi wameishi London katika chumba kimoja cha kupanga, chenye unyevu ukutani! Wanachokikumbuka ni basi namba 12 likipita Peckham, muuza ndizi wa Brixton aliyewajua kwa sura, na jua la Juni linalotua saa tatu usiku ikiwa imepita.

Sababu mojawapo imo kichwani, na iligunduliwa London kwenyewe. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky wa University College London walieleza kuhusu seli za hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Katika panya waliowachunguza, seli fulani iliamka panya alipofika mahali fulani. Akisogea, ikaamka nyingine. Kwa kazi hiyo O'Keefe alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Mwaka 2000, katika chuo hicho hicho, Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva wa teksi za London, ambao hukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Walikuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na kwa wakongwe wa kazi imezidi. Mpangaji wa Peckham hajafika huko, lakini naye amejichorea mji wake kichwani, na mchoro huo haufutwi na muhuri wa uhamiaji.

Tena ndani ya mchoro huo yumo mtu. Kule alitembea usiku bila kuulizwa anatoka wapi, akachagua marafiki bila kujali ukoo. Huku ni mtoto wa fulani, mjomba wa kulipa ada. Yule wa London amekosa pa kuishi, na kwa maoni yangu hapo ndipo panapouma kuliko mahali pengine popote.

Kwa hiyo nahimiza kuaga kwa makusudi. Wiki za mwisho humezwa na kufunga akaunti, kurudisha funguo, kupima masanduku na kutafuta zawadi ya kila shangazi. Mtu hufika uwanjani hajaaga chochote. David Pollock, aliyeandika sana kuhusu watoto waliolelewa ugenini, alishauri kwanza kupatana na uliokosana nao, kisha kuwashukuru watu, kisha kuaga, mahali pakiwemo. Lile la kupatana ndilo watu hulikwepa, wakidhani umbali utalimaliza. Hauli­malizi. Mtafute uliyeishi naye nyumba moja mkaacha kusemeshana. Mwambie muuza ndizi kwamba hutarudi Jumamosi ijayo. Pita kwa miguu njia uliyokuwa ukiipita kwa basi, ikiwezekana na mtu atakayekumbuka pamoja nawe.

Nanyi mliompokea, muulizeni kuhusu London, mwacheni aeleze hadi amalize. Akirudia habari ile ile kesho yake, msikilizeni tena.