Anwani Ikihama, Nani Amwelekeze Mgeni?
Tangu mwaka 2017, KeNIC, msimamizi wa anwani za mtandao za Kenya, iliporuhusu anwani zinazoishia .ke bila .co katikati, hoteli ya Malindi au Watamu inaweza kuhamia jina fupi. Mgeni mwenye anwani ya zamani ataelekezwaje? Wengi hukimbilia JavaScript, kwa kuwa mstari mmoja wa window.location.href unatosha. Mimi naona kazi hiyo ni ya seva. Ikijibu kwa namba 301, simu huelekea ukurasa mpya bila kupakua ule wa zamani, na Google huelewa kwamba uhamisho ni wa kudumu. JavaScript husubiri ukurasa wa kwanza ufike, bando likiliwa. Ikizimwa, mgeni hubaki palepale.

Wenye tovuti za bei nafuu watasema seva si yao, hawaruhusiwi kuigusa. Ni kweli, na hapo JavaScript inafaa, ila watumie location.replace, isiyoacha ukurasa wa zamani katika historia. Vinginevyo kitufe cha kurudi chaweza kumrusha mgeni mbele kila akibonyeza. Waweke na kiungo cha kawaida cha ukurasa mpya, kwa aliyezima JavaScript. Lakini kutumia uelekezaji huohuo kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa Kiitaliano kwa sababu tu simu yake ina lugha hiyo, kishawishi kikubwa Malindi penye wageni Waitaliano, ni kumwamulia. Aulizwe kwanza.